Naomba ushauri: udongo wa maweni unakauka mapema, Micheweni

Asalaam alaykum ndugu zangu. Nalima muhogo na mtama maweni, Micheweni, Pemba, na nina mikarafuu michache aliyoniachia marehemu baba upande wa bondeni. Vuli mbili sasa, mvua ikikatika siku kumi tu, ardhi inapasuka. Maweni ni udongo mdogo juu ya jiwe, hauna pa kuweka maji. Lakini bondeni nako miche ya mikarafuu imekauka, na hilo ndilo linaloniuma.

Nataka kujua kama ni mwaka mbaya tu au ukame unazidi miaka kwa miaka. Kijana wangu kanionesha takwimu za satelaiti za unyevu wa udongo. Za ESA, shirika la anga la Ulaya, zinaanzia 1978, ila kisanduku kimoja cha ramani yake kina upana wa kama kilomita 25, na Pemba yetu haifiki upana huo, bahari inaingia humo humo. SMAP, satelaiti ya NASA ya Marekani iliyorushwa 2015, husoma sentimita 5 za juu za udongo tu. Mzizi wa mkarafuu uko chini zaidi.

Kuna mwenye daftari la mvua la miaka mingi? Na aliyetandaza makumbi ya nazi shinani, miche ilivuka kiangazi?