Mashine ya kupima moshi wa gari inasoma uongo, nianzie wapi?

Fundi_Unga: Wakuu, heshima kwenu. Niko gereji hapa Unga Limited, Arusha. Noah ya petroli, injini imeshapata moto, mashine inasoma kabonidioksidi asilimia 7, oksijeni 11. Ninunue sensa mpya ya oksijeni ya mashine, au nifungue bodi yake ya umeme kwanza?

Mzee wa Kijenge: Usiguse bodi, kapasita zinashika umeme hata ukichomoa waya. Ziba ile ncha inayoingia kwenye ekzosi. Mashine isipolalamika, inavuta hewa njiani: mpira umepasuka au kikombe cha kunasa maji hakijakaza. Gari zima linatoa kabonidioksidi 14 hivi, wewe unapima nusu moshi nusu hewa. Na sensa kuukuu usiipasue, ina risasi na maji yanayounguza.

Mama Kelvin: Vijana hamtaki shule. VETA wanafundisha.

Kasuku255: Noah usiniambie! Niliuziwa moja Moshi, ilivuka Boma Ng'ombe ikitoa moshi kama jiko la kuni. Dalali hapokei simu mpaka leo.

Mzee wa Kijenge: Fundi, unapimia wapi? Bosi anasemaje?

Fundi_Unga: Bosi hajui kama mashine imekufa. Napima usiku, geti nimefunga majirani wasisikie. Dirisha dogo lipo lakini. Kichwa kinagonga kidogo, nadhani njaa.

Mzee wa Kijenge: Zima injini, toka nje SASA HIVI! Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, inakamata damu oksijeni ikose nafasi. Na kama mashine inavuta hewa, hata hiyo kaboni monoksidi inakuonyesha pungufu. Ukiona kizunguzungu au kichefuchefu, hospitali, usilale kwanza.

Fundi_Unga: Nimezima, niko nje. Ila mzee, sensa nimeshatuma advansi, na muuzaji ni mtu wa uhakika.

Jicho_la_Tatu: Chai hii. Mtu kavuta moshi anaandika na mikato? Muuza sensa huyu, anatafuta wateja. Tupia picha ya mashine.

Kasuku255: Chai ya tangawizi kabisa 😂

Fundi_Unga: Hiyo hapo, nimeichomoa nikapigia nje kwenye taa ya geti.

Jicho_la_Tatu: Umeitoa mtandaoni.

Mzee wa Kijenge: Mtandaoni kuna vumbi la Unga Limited? Kuza picha. Chini ya kikombe, pale kwenye ringi nyeusi, kuna ufa kama unywele.

Fundi_Unga: Nimeuona mzee, asante. Kesho natafuta kikombe. Sensa nayo nitaifunga tu, hela ya watu imeshaenda.