Dume langu ni kali getini lakini linakimbia mlio wa bati. Nimuuze?

Baba wa Goba
Wakuu, habari za jioni. Nina German Shepherd dume, mwaka na miezi miwili, nilimchukua awe mlinzi. Akiwa kwenye mnyororo, mtu akipita nje ya geti anabweka mpaka povu linamtoka. Nikajua hapa nimepata. Juzi fundi kadondosha bati uani, dume zima likafyata mkia, likajibanza nyuma ya simtanki mpaka fundi alipoondoka. Halafu mgeni akimkabili anarudi nyuma, ila akimpa mgongo anamvizia miguu. Mkufunzi mmoja kasema hana roho, niuze. Mwingine kasema nimchape awe sugu. Nisaidieni.

Mzee wa Banda
Kaka, fimbo iweke kando kabisa. Hapo unachanganya ukali na ugumu. Kelele za kwenye mnyororo na kuvizia miguu ya mtu aliyegeuka, mara nyingi ni woga tu. Mbwa mgumu ni yule anayeumia au kushtuka, kisha anarudi kazini upesi na jambo halimkai moyoni.

Kushtuka si kosa, angalia kinachofuata. Dondosha sufuria mbali naye kidogo, unyamaze, usimbembeleze. Akiruka halafu akarudi mwenyewe kuinusa, una mbwa wa kufanyia kazi. Kama hata kesho yake anapakwepa pale mahali, tatizo ni kubwa.

Wajerumani kwenye mitihani ya mbwa wa kazi hufyatua risasi baridi wakati mbwa yuko kwenye zoezi la utii. Anayeonyesha hofu ya mlio anatolewa, hata awe anauma vipi.

Tena wapo wasioogopa mlio wala ngazi, ila wewe bwana wake ukimkaripia ananyong'onyea. Huyo ni laini kwako tu, akili yake imetulia, na kumfundisha ni raha. Ninayemhofia mimi ni mwoga aliyekwisha jua kwamba meno yanafukuza watu.

Kijana wa Ilala
Mzee, mwizi atajuaje kama jamaa anaogopa bati? 😂 Mwacheni abweke.

Mzee wa Banda
Mwizi hatajua. Atakayeng'atwa ni mtoto wa jirani aliyefuata mpira.

Mama Kigamboni
Baba wa Goba, alilelewa wapi alipokuwa mdogo? Kuanzia wiki ya 3 hadi kama ya 12 hivi ndipo mtoto wa mbwa anaizoea dunia. Kama alishinda bandani, bati na bodaboda kwake ni majini. Na umri wake huu wa ujana woga unaweza kupanda tena, usimhukumu kwa siku moja. Mtoe mnyororoni, mtembeze asubuhi kabla barabara haijachangamka, umsogeze kwenye kelele kidogo kidogo akiwa bado anakubali kula mkononi. Akikataa chakula, umemsogeza mno.

Apimwe na nyonga. German Shepherd hukabiliwa sana na ugonjwa wa nyonga, na maumivu humfanya mbwa asitake kuguswa.

Ila kama woga ni wa kuzaliwa, utaupunguza tu, hautaisha. Mama yake ulimwona?

Baba wa Goba
Asanteni sana. Kuhusu sufuria: aliruka, akazunguka mbali, baadaye akaja kuinusa shingo ikiwa imenyooka na miguu ya nyuma tayari kukimbia. Mama yake sikumwona. Nimempigia aliyeniuzia, naenda Jumamosi kumwona huyo mama, na nimemwambia nimkute amefunguliwa.