Chupa ya dawa niliyojitengenezea imefyatua kifuniko, nimekosea wapi?

MamaPacha:
Habari zenu wapendwa. Mmoja wa wanangu ana pumu, na kila nikipiga deki kwa dawa yenye harufu kali anakohoa mpaka usiku. Nikaamua nijitengenezee mwenyewe. Nilichukua chupa ya lita 1, nikatia kikombe cha siki, vijiko 3 vya bikaboneti (ule unga mweupe wa kuumulia keki), nikakwaruzia sabuni ya mche, nikajaza maji ya moto nikafunga. Usiku kifuniko kikafyatuka, tukaamka wote. Asubuhi nakuta mabonge meupe kama maziwa yaliyoganda, na vigae nilivyofuta vina utando wa mafuta. Niongeze siki?

BibiSabuni:
Pole sana mwanangu. Usiongeze. Vipimo si tatizo, ila hao watatu hawapikiki chungu kimoja.

Siki ni asidi, bikaboneti ni kinyume chake. Vikikutana vinamalizana. Lile povu ni kaboni dayoksaidi inayotoka, na ndiyo iliyosukuma kifuniko. Ungekuwa umetumia chupa ya kioo ningekuwa na hofu zaidi. Povu likishatulia unabaki na maji ya chumvichumvi, ukali wa siki umekwisha na nguvu ya bikaboneti imekwisha. Sabuni ya mche nayo ni mafuta yaliyogeuzwa kwa kostiki (ile dawa kali ya kutengenezea sabuni). Ukiitia asidi ya kutosha unayarudisha mafuta yake, na ndiyo hayo mabonge.

Tenganisha. Sabuni: kwaruza gramu 50, koroga kwenye lita 1 ya maji ya moto, iache ilale mpaka kesho. Hiyo ndiyo ya sakafu, kikombe kimoja kwa ndoo. Bikaboneti: ifanye tope zito kwa maji kidogo tu, paka kwenye sinki au jiko lenye mafuta yaliyogandamana, subiri robo saa, sugua. Sufuria za alumini usizipake, zitafubaa. Siki: changanya nusu kwa nusu na maji kwa vioo. Kwa ukoko wa chokaa ndani ya birika itie bila maji, maana asidi huiyeyusha chokaa yenyewe. Wala huhitaji kukwangua. Mimi bomba la bafu hulifunga kitambaa kilicholowa siki jioni, asubuhi chokaa inatoka kwa kidole. Marumaru usiiguse kwa siki kabisa, italika.

Fundi_wa_Mtaa:
Dada, naongezea moja, na hili nakuomba ulizingatie. Siki isikutane kamwe na dawa ya klorini. Mimi nilimwagia siki kwenye choo kilichokuwa na klorini tangu asubuhi, mlango nimeufunga. Hewa iliyotoka ilinibana kifua, nikatoka nikitambaa. Ile ni gesi ya klorini yenyewe. Kwa mtoto mwenye pumu sitaki hata kufikiria.

MamaPacha:
Shikamoo bibi, na asante kaka, umenishtua kweli. Sasa mtoto akitapika au akiharisha, siki inaua vijidudu?

BibiSabuni:
Marahaba mwanangu. Siki usiitegemee kwa hilo. Sabuni na maji huondoa sehemu kubwa ya uchafu pamoja na vijidudu vyake, na kwa siku za kawaida inatosha. Kwenye matapishi au kinyesi, safisha kwanza kwa sabuni, suuza, ndipo utumie klorini. Kama chupa yake imeandikwa 5%, sehemu 1 kwa 49 za maji. Iache dakika 10, kisha futa kwa maji. Madirisha wazi, mtoto awe chumba kingine mpaka harufu iishe. Changanya ya siku hiyo tu, maana ikikaa inapoteza nguvu. Na kila chupa iandike jina, hata ya siki, kwa sababu machoni zote ni maji.

MamaPacha:
Nimerudi na majibu. Sabuni imekuwa kama uji mwepesi, nimepiga deki nyumba nzima na mtoto hajakohoa. Birika nimeliacha na siki saa moja, chini kumekuwa cheupe kabisa. Ila vigae bado vina ule utando wa juzi.

BibiSabuni:
Hayo ni mafuta ya yale mabonge. Futa kwa maji ya moto yenye bikaboneti, vijiko 2 kwa lita, halafu suuza mara mbili. Na hiyo chupa ya kwanza imwage leo, usiifunge tena.