Mawakala wote wanafuata jibu lenye kosa, nifanyeje?

Swali
Wakuu, nina mawakala 5 wa modeli ya lugha (programu za AI zinazojibu kwa maandishi) wanaojadili jibu moja kwa raundi 3. Wa kwanza akikosea, raundi ya pili wote wameshamfuata. Saikolojia ya jamii ina dawa?

Jibu 1
Huko ni kufuata mkumbo, mkuu. Mwanasaikolojia Solomon Asch aliuonyesha miaka ya 1950: watu walioulizwa mstari upi unalingana kwa urefu na mwingine walitaja usio sahihi kwa sababu tu waliowatangulia wameutaja. Akiwepo hata mmoja anayesema kweli, kufuata kulipungua sana. Basi raundi ya 1 kila wakala ajibu bila kuona wenzake, na jibu lihifadhiwe. Raundi ya 2 onyesha hoja tu. Ficha majina na idadi ya kura. Anayebadili msimamo ataje hoja iliyombadilisha, la sivyo kura yake ya mwanzo ibaki.

Jibu 2
Sawa kabisa, ila modeli ile ile mara 5 mara nyingi hukosea pale pale. Kura 5 hapo ni karibu sawa na moja. Changanya modeli, au mpe kila wakala vyanzo vyake tofauti.

Jibu 3
Angalia pia wajibu usio na mwenyewe, yaani kila mtu kudhani mwingine atafanya. Katika jaribio la wanasaikolojia Darley na Latané, 1968, waliodhani wako peke yao wakisikia mtu akishikwa na kifafa, 85% walitoa taarifa kabla hakijaisha. Waliodhani kuna wengine 4, 31%. Ukiandika "yeyote akague", kila wakala anaweza kuona kazi ni ya mwenzake. Mtaje mmoja, mpe sekunde 30, na weka wa kumrithi akinyamaza.