Mrejesho: yule wa Hyrox asiye na gym

Wakuu, mi ndo yule niliyeuliza nitajiandaaje na Hyrox, yale mashindano ya kukimbia kilomita 8 na vituo 8 vya mazoezi, kila kilomita moja unafanya kituo kimoja, wakati huku Mwanza sina hata sledi, lile toroli zito lisilo na magurudumu la kusukuma. Mliniambia nisitenganishe siku ya mbio na siku ya chuma, nikimbie kilomita moja nifanye zoezi palepale miguu ikiwa mizito, na kweli hapo ndo nilikuwa nabugi. Sasa nakimbia kuzunguka mtaa wa Capri Point, nikirudi nabeba madumu mawili ya maji ya lita 20 mita 200, kisha kiroba cha mchanga kilo 20 begani, hatua ndefu goti likigusa chini mita 100, aisee mapaja yanauma hadi ngazi nashuka kinyumenyume. Juzi kifuniko cha dumu kikafyatuka nikaloa chapachapa, wauza dagaa wakacheka balaa. Ila kile kituo cha kulala chini, kuinuka na kuruka mbele hadi mita 80 bado kinanitesa.