Tupeane uzoefu: mwenye kisukari akizimika nyumbani, mnaanzia wapi?

Wakuu, mnaouguza na mlio kwenye fani, leteni hatua na vipimo. "Mpe soda" tunaijua. Kiasi gani? Na asipoweza kumeza?

Nesi wa Zamu: Anza na fahamu. Anaongea kawaida? Anaitikia akiitwa? Anastuka ukimfinya begani? Au kimya? Kumbuka jibu na saa, daktari atauliza. Anayejibu ovyo ghafla na kugomea chakula si mkorofi, huenda sukari inashuka.

Anayemeza: vijiko vinne vya chai vya sukari, vya kusawazisha, kwenye nusu glasi ya maji, au soda ya kawaida ml 150 hadi 200. Ile isiyo na sukari haina kazi hapa. Pima sukari ya damu baada ya dakika 15, ikiwa bado chini ya 4 kwa mashine za mmol/L (70 kwa mashine za mg/dL) rudia. Ikishapanda, apate mkate au uji.

Asiyeitikia: msimmiminie kitu, kitaingia mapafuni. Kama anapumua vizuri, piga goti kando yake. Mkono wake ulio karibu nawe ukae pembeni, kiwiko kimekunjwa. Ule wa mbali ulete, mgongo wa kiganja uguse shavu la upande wako. Kunja goti la mbali, livute kwako mpaka alale ubavu. Inua kidevu, mdomo utazame chini matapishi yatoke. Kisha hospitali. Kitunguu puani ni kupoteza muda.

Mfamasia: Anayemeza glibenclamide, kidonge cha kushusha sukari, asirudishwe kulala hata akizinduka. Dawa inaendelea kuisukuma kongosho itoe insulini, na figo zikiwa dhaifu inakaa zaidi mwilini. Sukari inapanda, halafu usiku inaporomoka tena. Aangaliwe hospitalini angalau saa 24, na pakiti ya dawa mwende nayo.

Mama Wawili: Na tusio na mashine? Tutajuaje kama imepanda au imeshuka?

Nesi wa Zamu: Dada, kushuka huja haraka: jasho jembamba, kutetemeka, moyo kwenda mbio. Kupanda huvuta siku: kiu, mikojo mingi, kuhema kwa nguvu. Mkishindwa kutofautisha na anameza, mpeni sukari.

Mfamasia: Anayetumia propranolol, dawa ya presha na moyo, huenda asitetemeke, tazameni jasho. Na mdomo ukipinda au mkono ukilegea, wahini hospitali kama kiharusi, ila sukari ipimwe kwanza. Ikishuka sana huiga kiharusi.