UZI WA HASIRA: Waandaaji wa maonjo ya bia za pipa, acheni kutuuzia siki kwa jina la mwaloni

Wakuu, habari za jioni. Anayetaka sifa na picha za glasi apite uzi mwingine, huu ni wa malalamiko.

Huku Ubelgiji maonjo ya bia kali zilizolazwa kwenye mapipa ya mwaloni yamekuwa biashara nono. Tiketi bei juu, mapipa ya mapambo mlangoni, halafu unaletewa kwadrupeli (bia nyeusi kali sana ya mtindo wa Kibelgiji) ya asilimia 11 ikiwa na nyuzijoto 3, kwenye glasi ndefu ya lager, imejazwa pomoni. Ukiuliza mbona inanuka dawa ya kufutia rangi ya kucha, unajibiwa kwa tabasamu: "Ndiyo pipa hilo." Hapana. Huo ni ugonjwa wa bia, na mtu amelipia.

Baridi kwanza, maana ndiyo inayofunika mengine yote. Bia hizi haziendi na lile swali la kaunta za kwetu, "baridi au moto?" Kwenye nyuzijoto 3 harufu hazipandi, utamu wa kimea unalala, na ulimini unabaki ukakasi tu. Bia iliyoharibika na bia safi zinakaribia kufanana. Tripeli ya pipa, ile bia kali ya rangi ya dhahabu, inywewe kwenye 8 hadi 10. Kwadrupeli na bia nyingine nyeusi, 12 hadi 14. Kipimajoto cha jikoni kinatosha, msituambie hamna vifaa. Mwandaaji anayekataa bia yake ipate joto nina mashaka naye.

Sasa hilo "pipa" linalosingiziwa kila kitu. Pipa la bourbon, wiski ya Marekani, hubeba kama lita 200. Sheria ya Marekani inataka bourbon ilazwe kwenye mwaloni mpya uliounguzwa ndani, kwa hiyo baada ya matumizi hayo linauzwa, na mbao zake bado zimenywa pombe. Bia ya kwanza kuingia humo huvuta wiski, vanila, nazi na moshi. Ya pili huvuta kidogo sana. Mwaloni wa Ulaya, ule wa mapipa ya mvinyo, una nazi kidogo na tanini, yaani ukakasi wa mbao, nyingi zaidi. Karafuu nayo msiikabidhi pipa haraka hivyo, kwa sababu hamira ya Kibelgiji yenyewe huzaa harufu ya karafuu hata bia ikikaa kwenye tangi la chuma maisha yake yote.

Ile ya rangi ya kucha ni etili asetati. Ikiwa kidogo sana inaleta tunda, ikizidi inachoma pua. Mara nyingi chanzo ni uzembe: bia hupungua pipani kwa uvukizi, nafasi tupu inabaki juu, hewa inaingia, bakteria wa siki wanafanya sherehe. Dawa yake ni kujazia pipa, kulionja mara kwa mara, na likiharibika kulimwaga lote. Wengi hawamwagi. Wanachanganya na pipa lisiloharibika, wanabandika lebo ya "toleo maalumu", wanaongeza bei.

Na msinitajie Rodenbach, ile bia chachu ya Kibelgiji. Kule Roeselare bia hukaa miaka 2 kwenye matangi makubwa ya mwaloni ili ichachuke kwa makusudi, kisha toleo lao la Grand Cru linachanganywa theluthi mbili ya zamani na theluthi moja changa. Ina asilimia 6 na uchachu wake umepangwa. Kwadrupeli yenye siki ya kukwaruza koo haijapangwa na mtu yeyote. Vivyo hivyo harufu ya zizi la farasi: Orval, bia nyingine ya Kibelgiji, wanaweka wenyewe Brettanomyces, hamira ya mwitu inayoleta harufu hiyo, wakati wa kujaza chupa na kila mnywaji anajua. Ikijitokeza kwenye bia tamu bila kutangazwa, pipa la mvinyo lilikuwa chafu, basi.

Harufu ya boksi lililolowa maji? Oksijeni iliingia wakati wa kujaza chupa. Huo si "ukomavu".

Vipimo navyo ni vurugu. Chupa ya mililita 330 yenye asilimia 11 ina kileo karibu sawa na chupa moja na nusu ya lager ya nusu lita yenye asilimia 5. Ukimpa mtu chupa sita kamili, ya tatu haonji tena, analewa. Mililita 75 kwa kila bia zinatosha. Mara sita ni mililita 450, na kwa wastani wa asilimia 10 tayari hiyo ni kama lita moja ya lager. Glasi iwe yenye tumbo na mdomo uliobana, ijazwe robo au theluthi, harufu ipate pa kukusanyika.

Kinachoniudhi kuliko vyote: bia mama haiwekwi mezani! Unaonjeshwa tripeli ya pipa bila tripeli ya kawaida pembeni. Utajuaje mbao zimefanya nini? Kiwanda cha Allagash cha Maine, Marekani, wanaotengeneza bia ya Curieux kwa tripeli ya pipa la bourbon, huichanganya na tripeli mbichi isiyolazwa pipani, kwa sababu pipa pekee linaweza kuimeza bia yenye ladha nyepesi kama hiyo. La Trappe wa Uholanzi hutoa kwadrupeli ya mwaloni kwa matoleo yenye namba, na kila toleo lina mchanganyiko wake wa mapipa. Watengenezaji wanasema walichofanya. Nyie wa maonjo mnaficha nini?

#2 Mzee wa Kimea: Naunga mkono, ila umesahau mashapo. Chupa isimamishwe wima siku nzima kabla, imiminwe mara moja bila kuinua na kushusha, sentimita moja ya chini ibaki. Wanachukua chupa iliyolala, wanamimina glasi nane kwa kuyumbayumba, wa mwisho anakunywa tope la hamira kisha anaambiwa ni "utata wa ladha".

#3 Povu Jeupe: Mkuu, kwenye baridi unawaonea. Chupa yenye gesi nyingi ukiifungua kwenye nyuzijoto 14 nusu yake inaishia mezani. Mwandaaji anayefungua ikiwa baridi analinda bia.

#4 Mwanzisha uzi: Kufungua ikiwa kwenye 7 au 8 sina ugomvi. Imimine, iache kwenye glasi ipande hadi 12, na uwaambie watu wasubiri. Ugomvi wangu ni 3, halafu glasi zinakusanywa baada ya dakika kumi bia haijaamka. Na hiyo gesi mbona mara nyingi haipo kabisa? Bia ikitoka pipani imepoa gesi na hamira yake imechoka kwa kileo. Lazima iongezwe hamira mpya na sukari, ambapo gramu 4 kwa lita huzaa takriban ujazo mmoja wa gesi, yaani lita moja ya gesi kwa kila lita ya bia. Wakiweka sukari bila hamira unapata sharubati bubu.

#5 Karani wa Chupa: Mpangilio pia jamani. Kuna wanaofungua na pipa la bourbon, halafu wanashangaa tripeli inaonekana maji. Tripeli kwanza, kisha kwadrupeli ya pipa la mvinyo, bourbon mwisho. Bia chachu za Flanders, za aina ya Rodenbach, zipewe meza yake siku nyingine. Mkate mkavu na maji yasiyo na gesi, jibini kali lije baada ya kuonja.

#6 Mwanzisha uzi: Sawa kabisa. Basi kabla ya kulipa tiketi, waulizeni kwa maandishi: bia mama ni ipi na itakuwepo mezani? Pipa lilibeba nini kabla, na ni mara ya ngapi linatumika? Miezi mingapi pipani? Tarehe ya kujaza chupa? Nyuzijoto ngapi mezani? Na chupa ikinuka rangi ya kucha, inabadilishwa au hapana? Wakikwepa hilo la mwisho, nunueni chupa mbili dukani, ya pipa na ya kawaida, mkaonje nyumbani.